Gesi iko kwetu, mbona umeme unakatika? Dhana potofu za nishati katika miji midogo ya Mtwara na Lindi

Dhana: Gesi inachimbwa Mnazi Bay na Songo Songo, kwa hiyo mtungi wa kupikia ungepaswa kuwa rahisi kwetu kuliko kwingine.

Hizo ni gesi mbili tofauti. Inayotoka Mnazi Bay karibu yote ni methani. Iliyomo kwenye mtungi wa kilo 6 au 15 ni propani na butani, na huingia nchini kwa meli. Propani na butani zikibanwa kiasi hugeuka kimiminika, ndiyo maana mtungi mdogo unabeba mapishi ya siku nyingi. Methani kwenye joto la kawaida haigeuki kimiminika hata ibanwe vipi. Ili ibebeke, ni lazima ipoozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, au ibanwe ikiwa bado ni gesi kwa takribani baa 200 (kama mara 200 ya mgandamizo wa hewa ya kawaida) kwenye chupa nene kama zile zinazofungwa kwenye magari. Kwa hiyo kiwanda cha kusafisha gesi cha Madimba, Mtwara, hata kikifanya kazi usiku na mchana, hakitajaza mtungi wa jikoni kwako. Anayenunua mtungi Liwale analipia meli, ghala na lori.

Methani hufika jikoni kwa bomba, kama ilivyo kwa baadhi ya nyumba za Mtwara mjini. Gharama kubwa iko kwenye kuchimba mtaro na kulaza bomba, na nyumba zinazopitiwa ndizo zinazogawana gharama hiyo. Mtaa uliobanana karibu na bomba kuu unarudisha gharama hiyo. Mji mdogo wenye nyumba zilizotawanyika kati ya mikorosho hauirudishi, na hilo halibadiliki kwa sababu kisima kiko mkoa huohuo.

Anayehama kutoka mtungi kwenda bomba abadilishiwe na fundi nozeli, yaani kile kitundu cha jiko kinachotoa gesi. Methani inahitaji tundu kubwa zaidi, na jiko likiachiwa nozeli za mtungi moto unafifia. Kinyume chake ni hatari: nozeli za bomba zikitumiwa na mtungi hutoa moto mrefu wa njano wenye masizi. Ikivuja, methani hupanda kwenye dari, lakini gesi ya mtungi hutambaa sakafuni. Jiko la mtungi linahitaji tundu la hewa chini ya ukuta, si dirisha peke yake.

Dhana: Tuko karibu na mitambo, umeme haupaswi kukatika.

Ukaribu na mtambo unausaidia mji ulio mwanzo wa laini. Kwa miaka mingi mikoa hii miwili ilitegemea mtambo wa gesi wa Mtwara ikiwa nje ya Gridi ya Taifa, kwa hiyo mashine moja ikisimama hapakuwa na pa kuazima. Halafu kuna safari yenyewe. Kwenye laini ndefu ya kilovolti 33, kila kilomita inaongeza nguzo za kuanguka, matawi ya kugusa waya na vikombe vya kushikilia waya juu ya nguzo vinavyoweza kupasuliwa na radi. Hitilafu moja katikati inazima kila kilicho mbele yake. Mji wa mwisho unabeba hitilafu zote za njiani.

Mji huo wa mwisho pia unapata umeme hafifu jioni, watu wote wanapowasha. Kompresa ya friji ikijaribu kuanza kwa volti 170 inashindwa, inachemka, inaungua. Frijigadi inayokata umeme volti zikishuka chini ya takribani 185, kisha ikangoja dakika chache kabla ya kurudisha, inagharimu sehemu ndogo sana ya bei ya kompresa.

Dhana: Umeme ukikatika, hasara ni giza.

Kwenye Uwanda wa Makonde hasara kubwa ni maji. Newala na Tandahimba ziko juu, na chanzo chao cha maji, Mitema, kiko chini bondeni. Kupandisha lita 1,000 kwa kimo cha mita 300 kunahitaji takribani uniti 1.4, ukihesabu upotevu wa pampu. Umeme ukisimama, pampu inasimama. Mwenye tenki la lita 5,000 hasikii chochote kwa siku kadhaa, lakini asiye nalo anaanza kununua dumu la lita 20 siku hiyohiyo. Msimu wa korosho ukilipa, tenki lije kabla ya televisheni. Tunalisema hili kwa uzito wote.

Dhana: Mwenye jenereta ameshamaliza tatizo.

Jenereta ndogo ya petroli hula kati ya nusu lita na lita nzima kwa kila uniti. Petroli ikiwa karibu shilingi 3,000, uniti moja inaanzia kama 1,500, wakati ya LUKU kwa mteja wa kawaida ni kama 356 pamoja na kodi. Usiichomeke kamwe kwenye soketi ya ukutani: umeme unarudi nyuma kwenye transfoma na unaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo. Funga chenjiova, swichi ya kuchagua umeme wa laini au wa jenereta. Na ikae nje, mbali na madirisha, kwa sababu moshi wake unaua waliolala.

Dhana: Betri ya gari inatosha kwa sola.

Betri ya gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache. Ikimalizwa kila usiku, inakufa ndani ya miezi. Piga hesabu kwanza: taa 4 za wati 7 kwa saa 5 ni wati-saa 140, televisheni ya wati 40 kwa saa 4 ni 160, simu tatu kama 45. Jumla ni wati-saa 345. Betri ya sola ya volti 12, Ah (ampia-saa) 100, ina wati-saa 1,200, lakini kama ni ya risasi tumia nusu tu. Paneli iwe ya wati 150, ielekee kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua iioshe.

Kosa tunalolikuta zaidi ni waya. Waya wa milimita mraba 1.5 wenye urefu wa mita 10, ukipitisha ampia 10, unapoteza zaidi ya volti 2 kati ya 12, na betri haijai kamwe. Tumia wa 6.

Dhana: Kupikia umeme ni anasa.

Maharage kwenye jiko la presha la umeme hula kama uniti 0.4, kwa kuwa kiini huwaka kwa muda mfupi tu. Kwa mteja asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, anayelipa kama shilingi 122 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni chini ya shilingi 50 kwa sufuria. Kupika mara tatu kwa wiki ni kama uniti 5 kwa mwezi. Angalia pasi na hita ya maji: hizo ndizo zinazomtoa mtu kwenye 75.