Dawa unaitoa lini, unaiacha lini? Kujiandaa kwa mtihani wa Baraza la Wauguzi

Kila mtihani wa Baraza la Wauguzi ukikaribia, simu yangu hujaa swali moja: "Mwalimu, tusome nini?" Anayeuliza huwa tayari ana madaftari ya miaka yote ya chuo, manukuu aliyorithi kwa waliomtangulia, na rundo la maswali ya zamani yaliyotolewa kopi mpaka herufi zimefifia. Kusoma anasoma. Kwenye matatu anasoma, zamu ya usiku wodi ikitulia anasoma. Tatizo ni kwamba anasoma kila kitu kwa uzito uleule.

Nafundisha wauguzi hapa Nairobi, wengi wao wa stashahada ya KRCHN, yaani ya uuguzi wa afya ya jamii, na ushauri wangu huwa mmoja. Ukikutana na dawa yoyote, au hali yoyote ya mgonjwa, anza kwa kujiuliza: ni kitu gani kitanifanya nisiitoe? Ni kipimo gani kitanisimamisha? Ukilijibu hilo sawasawa, kazi ya dawa na madhara yake vitakuja vyenyewe, maana huwezi kueleza kwa nini umesimama kama hujui dawa inafanya nini mwilini. Watahini nao wanapenda kuuliza hapohapo: muuguzi afanye nini kwanza, dozi ipi izuiliwe, daktari aitwe lini.

Chukua magnesiamu salfeti kwa mama mwenye kifafa cha mimba. Swali la dawa hii usishangae ukilikuta. Karibu kila mtahiniwa anakumbuka dozi ya kuanzia: gramu 4 kwenye mshipa polepole, kisha gramu 10 kwenye misuli, yaani 5 kila tako, pamoja na lignokeini kidogo kwa sababu sindano hiyo inauma kwelikweli. Halafu gramu 5 kila saa 4, tako kwa kubadilisha, hadi saa 24 zipite tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho, lolote litakalokuja baadaye.

Lakini kabla ya kila dozi ya kuendeleza kuna mambo matatu ya kuangalia: kupumua kusipungue mara 16 kwa dakika, goti liruke ukiligonga, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Wengi wanayakariri kama orodha, na orodha hupotea mtu akiingiwa na wasiwasi chumbani. Yaangalie kama mambo yanayofuatana. Magnesiamu hutolewa na figo. Figo zikilegea, mkojo unapungua na dawa inajilimbikiza kwenye damu. Ikijilimbikiza inazuia mishipa ya fahamu isiamrishe misuli, na kitu cha kwanza kupotea ni mruko wa goti. Ikizidi hapo, misuli ya kupumua inalegea. Ikizidi tena, moyo unasimama. Kwa hiyo goti linakuonya kabla ya pumzi, na mkojo unakuonya kabla ya goti. Ukielewa hivyo huhitaji kukariri, na utajua pia kwa nini kalsiamu glukoneti gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10, inakaa tayari kando ya kitanda kabla hujachoma sindano ya kwanza.

Hesabu ya dawa hiyohiyo ndiyo inayowaangusha wengine. Chupa imeandikwa asilimia 50, na wewe unatakiwa kutoa asilimia 20 kwenye mshipa. Asilimia 50 maana yake gramu 50 katika mililita 100, hivyo nusu gramu katika kila mililita. Gramu 4 ni mililita 8. Ongeza mililita 12 za maji safi ya sindano, upate mililita 20 zenye gramu 4, na hiyo ndiyo asilimia 20. Iandike hatua kwa hatua hata kama umeipata kichwani. Anayesahihisha hawezi kukupa alama za kilichobaki kichwani mwako.

Potasiamu nayo inafuata mkondo huohuo. Kiwango cha kawaida kwenye damu ni mmol 3.5 hadi 5.0 kwa lita, na haitolewi kamwe kwa kusukumwa moja kwa moja kwenye mshipa. Huchanganywa kwenye dripu na kutiririka polepole, kwa sababu ikifika moyoni kwa wingi moyo unasimama. Mgonjwa asiyekojoa humpi potasiamu mpaka ujue figo zinafanya kazi. Sasa unganisha na kisukari: mgonjwa amekuja na sukari iliyopanda na asidi mwilini kwa sababu ya kukosa insulini, potasiamu yake inasomeka 3.1. Daktari ameandika insulini. Unafanya nini? Insulini huingiza sukari ndani ya seli na potasiamu huingia nayo, kwa hiyo kiwango cha kwenye damu kitaporomoka zaidi. Chini ya 3.3 insulini inasubiri, potasiamu inarudishwa kwanza, na wewe unamwarifu daktari kabla ya kugusa sindano. Ugeuze upande wa pili: potasiamu imefika 7 na mapigo ya moyo yamebadilika kwenye mashine. Hapo kalsiamu inatangulia kuukinga moyo, halafu ndipo insulini na sukari zinaletwa kuiingiza potasiamu kwenye seli. Ni insulini ileile. Huku inazuiliwa, huku inahitajika.

Digoksini, dawa ya moyo, haichukui muda. Sikiliza mapigo kwa stethoskopu juu ya moyo kwa dakika nzima. Kwa mtu mzima yakiwa chini ya 60, zuia dozi na uarifu. Kama mgonjwa anatumia pia dawa ya kukojoza inayomwaga potasiamu, sumu ya digoksini humkuta mapema zaidi. Na zile jozi za dawa na kiuasumu chake hazina hadithi ndefu, ni za kukariri tu: hepari na protamini, wafarini na vitamini K, mofini na naloksoni, parasetamoli na asetilisisteini, dawa za wadudu za shambani na atropini. Jioni moja inatosha.

Nikae kidogo kwenye majeraha ya moto, kwa kuwa jiji hili halina uhaba wa majiko ya mafuta ya taa yanayolipuka. Tuseme mwanamume wa kilo 60 ameungua mkono mzima wa kulia pamoja na kifua na tumbo kwa mbele. Kwa kanuni ya tisa, inayogawa mwili kwa asilimia tisa tisa, mkono ni 9, mbele ya kiwiliwili ni 18, jumla asilimia 27. Fomula ya Parkland, ya kukadiria maji ya dripu, inakupa mililita 4 mara kilo 60 mara 27, ambayo ni 6,480 kwa saa 24 za kwanza. Nusu yake, 3,240, inaingia katika saa 8 za mwanzo. Mpaka hapo darasa zima liko pamoja nami.

Mtego uko kwenye saa. Ameungua saa nane mchana, foleni ya Jogoo Road imemshika, amefika kwenu saa kumi na moja. Zile saa 8 zinahesabiwa tangu alipoungua, hazianzi alipopita mlango wa kasualti. Saa 3 zimeshaliwa. Umebaki na 5, na mililita 3,240 zikigawanywa kwa 5 ni 648 kwa saa. Kwa seti ya dripu ya matone 20 kwa mililita, hiyo ni matone 216 kwa dakika. Hakuna jicho linaloweza kuhesabu matone 216, na ndiyo sababu mgonjwa huyu anahitaji mishipa miwili na kanula nene, kila upande matone 108. Ukiandika sababu hiyo kwenye jibu la maelezo, anayesahihisha anajua umewahi kusimama kando ya kitanda cha aliyeungua. Kisha taja kupima mkojo kila saa, kwa sababu mkojo ndio unaokuambia kama maji unayompa yanatosha. Fomula ni makadirio.

Kwa watoto, usiende chumba cha mtihani bila vizingiti vya kupumua. Chini ya miezi 2, mara 60 au zaidi kwa dakika ni kupumua kwa haraka. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, ni 50. Kuanzia mwaka 1 hadi miaka 5, ni 40. Watahini wanapenda kucheza na umri: mtoto wa miezi 11 anayepumua mara 48 hajavuka kizingiti, wa miezi 14 mwenye 48 ileile amevuka. Hesabu kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia, anayelia hahesabiwi.

Kwenye kuhara, mpango C, yaani maji ya mshipa kwa aliyeishiwa maji sana, kwa mtoto asiyetimiza mwaka ni mililita 30 kwa kila kilo kwa saa 1, halafu 70 kwa kila kilo kwa saa 5. Mtoto wa miezi 8 mwenye kilo 7 atapata 210, kisha 490. Lakini swali likisema ana utapiamlo mkali, simama. Moyo wake ni dhaifu na mwili wake hauwezi kuhimili maji mengi kwa haraka. Utamzamisha ukidhani unamwokoa. Hapo mwongozo ni mwingine kabisa, na mkazo uko kwenye kunywesha kidogo kidogo kwa mchanganyiko wake maalumu, maji ya mshipa yakiachiwa mtoto aliye kwenye shoku.

Chanjo nitazipita haraka kwa sababu ratiba ipo kwenye kijitabu cha mama na mtoto, na kila aliyefanya mazoezi kliniki ameishika mara elfu. Shika joto la nyuzi 2 hadi 8. Jua chanjo zipi huharibika zikiganda, na kwamba BCG, ya kifua kikuu, na ya surua zikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6, hata kama chupa bado ina dozi na mama mwingine yuko kwenye benchi.

Wanaojiandaa kwenda Marekani huniuliza kama hii yote inawafaa. Inawafaa, mwili wa binadamu haubadiliki ukivuka bahari. NCLEX, mtihani wao wa leseni ya uuguzi, inafanywa kwa kompyuta, maswali 85 hadi 150 ndani ya saa 5, na kompyuta inachagua swali linalofuata kulingana na unavyojibu. Kinachowasumbua watu wetu ni vipimo. Sukari ya damu kule inaandikwa kwa miligramu kwa desilita, hivyo namba yetu ya mmol unaizidisha kwa 18: sukari ya 3.9 huku ni 70 kule. Uzito wa mgonjwa unaweza kuja kwa ratili. Gawanya kwa 2.2 kabla hujaanza hesabu ya dawa.

Kuna jambo moja ambalo watahiniwa wenye uzoefu mwingi wa wodi hulipuuza. Wodini mnafanya mnavyoweza. Vifaa vimeisha, nesi mmoja ana wagonjwa wengi kuliko vitanda, na mengine mnayafupisha. Mtihani hauulizi mlivyofanya jana usiku, unauliza mwongozo unasemaje. Tena miongozo yenyewe hubadilika. Kwenye patografu ya zamani, ile chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua, uchungu uliokolea unaanzia sentimita 4 za mlango wa kizazi, na mstari wa hatua unakaa saa 4 kulia kwa mstari wa tahadhari. Kwenye mwongozo wa uchungu uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020, uchungu uliokolea unaanzia sentimita 5, na ile mistari miwili haipo tena. Ukipewa karatasi ya kujaza, angalia kwanza ni ipi kati ya hizo mbili, ndipo uweke alama ya kwanza.