Kromosomu za hamira ya bia: usiishie kuhesabu seli

Hamira ya Saccharomyces cerevisiae yenye seti moja ya kromosomu (nyuzi za DNA zinazobeba jeni) ina 16. Yenye seti mbili, 32. Hamira za viwanda vya bia hazifuati nidhamu hiyo. Nyingi zina seti tatu au nne, tena zisizolingana: kromosomu hii nakala tatu, ile tano. Ya laga, bia inayochachushwa kwenye baridi, ni chotara wa S. cerevisiae na S. eubayanus, aina iliyotambuliwa Patagonia, kusini mwa Amerika Kusini, mwaka 2011. Hamira hizo za laga zina makundi mawili. Kundi la Saaz, lenye takriban seti tatu, hupenda baridi ila huacha maltotriosi, mojawapo ya sukari za kimea. Frohberg, lenye takriban nne, huila.

Seti zikiongezeka maradufu, ujazo wa seli nao huelekea maradufu, lakini eneo la ngozi yake huongezeka mara 1.6 hivi tu. Na sukari hupita kwenye ngozi. Kwa hiyo wingi wa jeni peke yake hauharakishi ukuaji.

Hapa ndipo wengi hukosea vipimo. Kwa bia za eli tunaanzia seli hai milioni 1 kwa mililita kwa kila digrii ya Plato (kipimo cha sukari kwenye maji ya kimea), yaani milioni 12 kwa maji ya kimea ya digrii 12. Ukitoka hamira ya seti mbili kwenda ya seti nne bila kubadili hesabu ya hadubini, umetia hamira karibu maradufu kwa uzito. Itachacha mbio, itazaliana kidogo, na harufu ya matunda itabadilika. Mwishoni utahesabu seli chache, ingawa ni kubwa, udhani mavuno ni haba. Kausha sampuli kwa nyuzi 105 hadi uzito utulie, ndipo useme.

Kromosomu moja iliyozidi ni shida ya namna nyingine: protini zake hukosa uwiano, seli hugharimika kuzisafisha, ukuaji hupungua. Ila pombe ikiwa kali nakala hiyo huweza kuleta faida, na tangi lenyewe huichagua. Ndiyo sababu sipendi kurudia hamira ileile zaidi ya vizazi 10.

Kuhesabu seti, acha seli zikome kukua, zihifadhi kwenye ethanoli ya asilimia 70, ondoa RNA (rangi huishika pia), tia rangi ya DNA, kisha pitisha kwenye mashine ya kupima seli moja moja pamoja na hamira za seti moja na mbili za kulinganishia. Usitarajie kuona kila kitu. Kromosomu I ina jozi 230,000 hivi za besi. Kwenye seli ya seti nne yenye jozi milioni 48, nakala moja ni nusu asilimia. Hiyo haionekani kwenye grafu. Soma mfuatano wa DNA, ulinganishe wingi wa vipande kromosomu kwa kromosomu.