Nyuki wakitua juu ya mti mrefu, usikimbilie ngazi

Miti inapochanua hapa Tabora, simu ninazopigiwa hufanana: bumba la nyuki limetua kwenye mwembe, juu kabisa, watoto wanapita chini, tufanyeje? Wafugaji wenzangu nao hupiga, wao wakitafuta ngazi ya kuazima. Wote nawauliza kwanza: mnaona masega, au ni nyuki watupu wameshikana?

Bumba lisilo na masega liko safarini. Mara nyingi ni malkia mzee aliyetoka mzingani na vibarua wengi, matumbo yao yamejaa asali, na hawana watoto wala akiba ya kulinda. Hao huwa wapole kuliko nyuki walio kwao. Lakini nyuki wetu wa Afrika huhama pia kwa njaa, kiu, moto wa msituni au kusumbuliwa, na kundi lililotoka mbali likaishiwa asali lina hasira. Kwa hiyo usilizoee. Ukiona masega yananing'inia, ujue wameshahamia na watapalinda. Hapo mwite mtu mwenye mavazi ya kazi au ofisa nyuki wa halmashauri, na kama wameanza kushambulia watu, ondoeni watu kwanza, kisha pigeni 114 mwite Zimamoto. Mawe, petroli na matairi yanayowaka ndiyo hugeuza bumba tulivu kuwa msiba.

Kama ni nyuki watupu, simama mbali uwatazame, kwa darubini ukiwa nayo. Wa nje wamejipanga vichwa juu, wamefunikana kama vigae vya paa. Juu ya ngozi hiyo utaona wachache wasiotulia: mmoja anakimbia mstari mfupi akitikisa mkia, anazunguka, anaurudia mstari uleule. Huyo ni mpelelezi. Ametoka kukagua pango la mti, dari ya mtu au mzinga mtupu, na kwa mchezo huo anawaonyesha wenzake upande na umbali. Mwaka 1949 Martin Lindauer, mwanafunzi wa Karl von Frisch, mwanasayansi aliyegundua kuwa nyuki hucheza ili kuonyeshana maua yalipo, aliona kule Ujerumani wachezaji wa namna hii wakiwa wamechafuka masizi na vumbi la matofali. Ua halina masizi. Akang'amua kuwa walikuwa wanatafuta nyumba. Baadaye Thomas Seeley wa Chuo Kikuu cha Cornell alionyesha jinsi wanavyoamua: aliyepata mahali pazuri hurudi bumbani na kupachezea kwa muda mrefu zaidi, wengine wanakwenda kujionea, na wapelelezi wakishajaa vya kutosha mahali pamoja, wanarudi kuwaamsha wote waruke. Shughuli hiyo huchukua saa chache, au hata siku mbili tatu.

Muda huo ndio nafasi yako. Wao wanatafuta nyumba, na nyumba unaweza kuitundika wewe mahali unapofikia. Wazee wa Unyamwezi ndivyo walivyofuga: mizinga ya magogo na ya magome inatundikwa mitupu, nyuki wanaingia wenyewe. Mimi natumia kisanduku kikavu chenye tundu la kuingilia, nakipaka nta ndani, nafunga kipande cha sega kuukuu, kisha nasugua majani ya mchaichai mlangoni. Mchaichai una harufu iliyo karibu na ile ambayo nyuki huitoa wanapoitana. Nakitundika kivulini, kimo cha mikono yangu, hata kwenye mti wa jirani; mita mia mbili kwa nyuki si safari. Wakati mwingine huwa wameshakubaliana pengine kabla sijafika, na wanaondoka zao. Bumba hilo nimelikosa, na naona ni sawa.

Kuna siku haiwezekani kusubiri, labda bumba liko juu ya uwanja wa shule. Hata hapo sipandi. Kuumwa nikiwa chini nakimbia. Kuumwa nikiwa juu ya tawi la mwembe, mikono inaachia. Kama nyaya za umeme zimepita karibu, kazi hiyo naikataa kabisa.

Ninachofanya ni kurusha kamba nyembamba yenye uzito juu ya tawi lililo juu ya bumba, kisha navuta kisanduku taratibu, mdomo wake ukiwa chini, mpaka ukingo uguse nyuki wa juu. Moshi situmii, maana utawatawanya. Nyuki hupenda kupanda kuelekea penye giza na harufu ya sega. Wa kwanza wakiingia, tazama ukingoni: wanasimama, wanainua mikia na kupepea mabawa kwa nguvu, wanawaita wenzao. Hapo tulia. Malkia akiingia, bumba zima litamfuata. Akibaki nje, walioingia watatoka tena, nawe utasogeza kisanduku na kungoja upya.

Nakishusha giza likiingia, wapelelezi wakiwa wamerudi, naziba mlango kwa wavu, na kukihamisha usiku huohuo kabla hawajalizoea eneo. Kinakaa kivulini, miguu ya kichanja imepakwa grisi kuzuia siafu, na sikifungui mpaka niwaone wakiingia na chavua miguuni. Nyuki wetu ukiwachungulia mapema mno, wanahama.