Roboti wadogo hulipa nini ili jitu lisimame

Constructicon wa mwaka 2015, roboti wa kuchezea wa Transformers wanaogeuka magari ya ujenzi, hawana viwiko. Nawasema wale sita wa kampuni ya Hasbro waliouzwa katika boksi moja la Devastator, jitu wanalolifanya wakiungana, la takriban sentimita 46. Unamchukua Long Haul, unamgeuza kutoka tipa la kijani hadi roboti, kimo kinaridhisha, kifua kipana. Kisha unataka akunje mkono. Mkono haukunjiki, umenyooka kutoka begani hadi kwenye ngumi. Takara Tomy wa Japani walipotoa seti hiyohiyo katika mfululizo wao wa Unite Warriors, viwiko vilikuwamo. Kwa hiyo nafasi ya kuviweka ilikuwapo tangu mwanzo.

Kazi yangu ni kubuni kalibu za plastiki, nyingi zikiwa za ndoo, vifuniko na bawaba za makontena. Jioni nakusanya na kutengeneza roboti wa kubadilika. Swali ninaloulizwa zaidi na wakusanyaji wenzangu ni kama kuunganisha roboti watano au sita kuwa jitu moja kunawaongezea thamani au kunawaharibu. Nimelifikiria sana, na msimamo wangu ni huu: kuunganisha kuna gharama kila mara, wala hakuna mbunifu anayeikwepa. Seti hutofautiana kwa jambo moja, nalo ni nani aliyebebeshwa gharama hiyo.

Tuanze na uzito, maana ndiko matatizo yote yanakozaliwa. Kiungo cha bega cha roboti mdogo kina kazi ya kuzuia mkono wake usianguke. Tuseme mkono huo una gramu 8, na uzito wake umekaa sentimita 3 kutoka begani. Zidisha, unapata 24. Sasa mfanye roboti huyo mzima awe mkono wa jitu: gramu 100, uzito ukiwa sentimita 7 kutoka bega la jitu. Hapo ni 700, karibu mara thelathini. Kiungo cha msuguano, yaani kijiti cha duara kilichobanwa ndani ya tundu, hakiwezi kubeba mzigo huo kwa muda mrefu. Plastiki inayobanwa mfululizo hulegea polepole hata usipoigusa. Ndiyo maana majitu hupewa viungo vya meno, vile vinavyolia ka-ka-ka unapovizungusha.

Meno yana ubora wake, lakini yanadai unene. Yanataka gurudumu, springi, na ukuta mzito wa kuyashikilia. Pia hayakubali kusimama popote: gurudumu la meno kumi na mawili linakupa kituo kila nyuzi 30, basi. Kwenye nyonga ya jitu hilo halisumbui. Mambo hubadilika pale ambapo kiuno cha roboti mdogo ndicho goti la jitu, kwa sababu roboti huyo, hata akiwa peke yake mezani, anatembea na goti la mtu mwingine mwilini mwake. Nyonga zake zinakuwa pana na ngumu, mapaja yanajazwa, na mgongoni anabeba kijiti kikubwa cha kuunganishia ambacho hana matumizi nacho. Huyo amelipa.

Angalia jinsi gharama ilivyohamishwa huku na huku kwa miaka. Devastator wa kwanza wa Transformers alitoka 1985, kutokana na kalibu za Diaclone, mfululizo wa awali wa michezo wa Takara. Scrapper alikuwa mguu wa kulia, Mixmaster wa kushoto, Long Haul kiuno, Hook kifua, Scavenger na Bonecrusher mikono. Gharama yake ilipelekwa kwenye vipande vya pembeni: ngumi za jitu, bamba la kifuani na vinginevyo ambavyo havina pa kukaa roboti wakiwa wametengana. Kila anayenunua seti ya zamani anajua maumivu yake. Roboti sita wamekamilika, ngumi moja haipo.

1986 wakaja na wazo ambalo hadi leo naliona ndilo bora kuliko yote katika historia ya michezo hii: kiunganishi kimoja kwa wote. Roboti viongozi Silverbolt, Motormaster, Hot Spot na Onslaught wakawa viwiliwili, na kila mmoja ana wadogo wanne wanaoweza kuwa mkono au mguu, kulia au kushoto. Unaweza kumchomoa Dead End, mdogo wa Motormaster, kwenye jitu lao Menasor ukamtia kwenye Superion, jitu la Silverbolt, naye akaingia bila ubishi. Roboti wenyewe walikuwa vibao, nakiri, viungo vichache na miguu iliyoshikana. Ila jitu hilo halikuwa limemalizwa kiwandani. Mtoto ndiye aliyelimalizia, kila siku kwa namna yake. Thamani ya mchezo ya namna hiyo haionekani ukipima kiungo kimoja kimoja, na wanaosema kuunganisha ni ulaghai wa kuuza roboti watano badala ya mmoja hawaipi uzito unaostahili.

Mfululizo wa Energon wa 2004 ulieneza wazo hilo kwa Autobot, roboti wa upande wa wema, wawili wawili: wa kimo kimoja waliungana, mmoja akawa nusu ya juu, mwenzake nusu ya chini, na kila mmoja alitakiwa aweze kuwa yoyote kati ya hizo. Ni sharti zito mno. Mwili mmoja ubebe gari, roboti, kifua cha mwingine na miguu ya mwingine! Wengi wao walitoka wakiwa masanduku.

Na kuna mfano wa mwisho kabisa wa kumtoa mdogo sadaka. Devastator mkubwa wa filamu ya Transformers ya 2009 alikuwa na magari ya ujenzi yanayoungana kuwa jitu, lakini gari moja moja halikugeuka kuwa roboti. Nasema hivi kwa kuwa naupenda mchezo huu: hapo kuunganisha kulikula kile ambacho kilikuwa kiboreshwe. Ukiondoa roboti kwenye roboti wa kubadilika, umebaki na gari lenye tundu.

Mfululizo wa Combiner Wars wa 2015 ulirudi kwenye kanuni ya 1986, safari hii na magoti, viwiko na nyonga za meno. Watu huulaumu kwa kurudiarudia kalibu, na ni kweli: helikopta Alpha Bravo, Blades na Vortex wametoka katika kalibu moja, na Motormaster ni ndugu wa damu wa Optimus Prime wa mfululizo huo. Mimi siulaumu kwa hilo. Kalibu ya chuma ndiyo kitu ghali kuliko vyote katika kazi yetu. Bila kuigawana, zile timu zote zisingetoka kwa muda mfupi. Lawama yangu iko kwenye kile kipande kimoja kinachotumika kama kiganja au kama wayo wa jitu. Kikiwa mguu, kidole gumba kinachungulia. Kikiwa mkono, kiganja kimebanwa. Na roboti mdogo anapewa kipande hichohicho akishike kama silaha, kikubwa kuliko kifua chake.

Njia iliyonishawishi ni ya Menasor wa mfululizo wa Legacy, kuanzia 2022. Motormaster akatolewa katika daraja kubwa la Commander, na trela lake ndilo linatoa mifupa ya jitu. Dead End, Drag Strip, Wildrider na Breakdown wanakuja kujishikiza kwenye mifupa hiyo. Mzigo unashuka kwenye trela, kitu ambacho tangu awali ni boksi na hakina kiuno cha kuharibika.

Najua pingamizi: magari hayo yamegeuka mapambo, hayabebi jitu, yananing'inia tu. Rafiki yangu mmoja, mkusanyaji mkongwe kuliko mimi, anasema huko si kuungana, ni kuvaa. Namheshimu, na katika hili anagusa kitu cha kweli. Ukishajua kwamba mifupa inasimama hata bila Dead End, msisimko unapungua kidogo. Ila mkusanyaji wa kawaida huliunganisha jitu siku ya kwanza, akalipiga picha, likakaa rafuni. Wanaoshikwa kila siku ni wadogo. Dead End huyu wa Legacy yuko mezani kwangu ninapoandika: nyonga nyembamba, viwiko vinakunjika, kiuno ni chake mwenyewe. Nimemkunja mkono, nikampa bastola yake, na ameishika ikiwa imenyooka tangu asubuhi.