Stanley wa Ujiji: Yasimuliwayo na Yaliyokuwa

Chini ya miembe ya Ujiji, penye mnara wa kumbukumbu ya Henry Morton Stanley na David Livingstone, mgeni husimuliwa kisa cha mwandishi wa habari Mmarekani aliyepenya pori peke yake mwaka 1871, akamwokoa mzee Livingstone, mmisionari Mwingereza aliyepotea. Kisa hicho kinahitaji kusahihishwa karibu kila kipengele.

Stanley alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, akaitwa John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya mafukara. Jina la Stanley alijipa baada ya kufika New Orleans; na ijapokuwa aliingia Ujiji akitanguliwa na bendera ya Marekani, uraia wa nchi hiyo aliupata mwaka 1885. Hakutumwa na serikali yoyote, bali na gazeti la New York Herald.

Dhana inayoniuma zaidi ni ile ya kwamba alikuwa peke yake. Kwa hesabu yake mwenyewe, watu 192 waliajiriwa katika misafara yake mitano iliyoanzia Bagamoyo, wengi wao wapagazi wa Kinyamwezi waliojitwika mitumba ya vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba, ambazo ndizo zilizokuwa fedha ya njiani. Askari wake waliongozwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekwisha kufika Ziwa Tanganyika pamoja na wavumbuzi Waingereza Burton na Speke mwaka 1858. Tabora alikaa takriban miezi mitatu, kwa sababu vita vya Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, vilifunga njia ya Ujiji. Alijiunga na Waarabu kumpiga Mirambo, wakashindwa, naye akalazimika kuzunguka kwa kusini. Waliochoka au kutoroka aliwachapa viboko, na hilo hakulificha katika maandishi yake.

Livingstone naye hakuwa amepotea. Watu wa Ujiji walimjua vizuri. Alikuwa amerudi kutoka Manyema, magharibi ya ziwa, akiwa mgonjwa, akakuta bidhaa zake zimeuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Alihitaji nguo na dawa, si kuokolewa. Baada ya kupata nafuu, wawili hao walikwenda kaskazini kwa mtumbwi wakathibitisha kwamba mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Jiwe la kumbukumbu la Mugere, Burundi, linakumbusha safari hiyo, wala si mahali walipokutana mara ya kwanza kama wengine wadhaniavyo. Livingstone alikataa kurudi Uingereza, akabaki Kwihara, karibu na Tabora, hadi Agosti 1872 alipoletewa wapagazi wapya.

Kuhusu salamu mashuhuri ya Stanley, “Dr. Livingstone, I presume?” (Daktari Livingstone, nadhani?), ukurasa wa shajara yake unaohusu mkutano huo ulichanwa, na Livingstone hakuiandika popote. Stanley mwenyewe alieleza kwamba sauti ya kwanza kumwamkia kwa Kiingereza pale Ujiji ilikuwa ya Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyetoka katikati ya umati kisha akakimbia kumpasha bwana wake habari. Miaka miwili baadaye, Livingstone alipokwisha kufariki, Susi, mtumishi mwenzake Chuma na wenzao waliubeba mwili wake kwa miguu hadi Bagamoyo.