Dede, tata, na mtoto aliyechelewa kwenda

Dede ni neno lisilopenda kukaa peke yake. Karibu daima utalisikia likifuata kitenzi kimoja, kusimama, na mwenye kusimama dede ni mtoto mchanga. Ni pale anapoachia ukuta au magoti ya mamake akabaki wima kwa nguvu zake mwenyewe: miguu ameipanua, tumbo limetangulia, mikono iko juu kama anayetaka kubebwa, na mwili wote unatikisika. Huwa sekunde tatu, nne, kisha puu, anakaa kwa makalio. Watu wazima waliokuwapo husahau walilokuwa wakizungumza, wakampigia makofi.

Baada ya dede huja tata. Kwenda tata ni zile hatua za mwanzo za kuyumba, mbili, tatu, tano, mtoto akijitupa mikononi mwa anayemngoja. Siku hizi wengi wetu tunasema tu "ameanza kutembea" na kuyaacha haya maneno mawili. Naona tunapoteza kitu, kwa sababu mzazi mwenye wasiwasi anayahitaji sana.

Nimewahi kuwa mzazi huyo. Mwanangu wa pili alitimiza miezi 15 akiwa anasota sakafuni kwa makalio, mkono mmoja ukisukuma kama kasia. Nyumba yetu iko Mkomani, na Lamu hakuna mtoto wa siri. Nikitoka nyumbani kwenda mtaa wa Langoni kwa usita wa mui, yaani njia kuu ya mji, nilikuwa nikiulizwa njiani hata mara tatu, na watu wasio na ubaya wowote: "Mwanao hajaenda bado?" Kila aliyeuliza alikuwa na mfano wake wa mtoto aliyekwenda na miezi tisa. Nikawa napita vichochoro vya nyuma.

Aliyenituliza ni mavyaa wangu, mamake mume wangu. Aliniuliza, "Anasimama dede?"

"Anasimama, mama. Akishika kiti."

"Hiyo si dede, mwanangu. Dede ni ya mikono mitupu. Wewe unangoja tata na dede hujaiona. Ingoje dede kwanza."

Baadaye nilikuja kuona kwamba wataalamu wa afya nao hugawa mambo vivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2006 matokeo ya utafiti uliofuatilia watoto 816 wenye afya nzuri katika nchi tano: Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. (Oman, kwa hiyo wamo wenzetu wa ng'ambo ya bahari.) Waliangalia mambo sita: kukaa bila kuegemezwa, kusimama kwa kushika, kutambaa kwa mikono na magoti, kwenda kwa kushika, kusimama peke yake, na kwenda peke yake. La tano ndilo dede, la sita ndilo tata. Kusimama kwa kushika kiti kulihesabiwa mbali kabisa, kama alivyosema mavyaa.

Yaliyopatikana ni haya. Watoto karibu wote walisimama dede kati ya miezi 6.9 na miezi 16.9. Walikwenda peke yao kati ya miezi 8.2 na miezi 17.6, na wastani ulikuwa kiasi cha miezi 12. Hebu tuutazame huo upana. Kati ya mtoto wa mwanzo na wa mwisho, wote wazima, wote wamelishwa vizuri, pana zaidi ya miezi tisa, yaani muda wa mimba nzima. Mwaka mmoja ni katikati ya njia, si mwisho wake. Tunapomtazama mtoto siku ya kutimiza mwaka na kusema amechelewa, tunawaita wachelevu karibu nusu ya watoto wazima.

Kuna hatua nyingine ambayo Kiswahili cha pwani kinaitaja vizuri kuliko vitabu, nayo ni kuambaa. Jahazi huambaa pwani, likienda sambamba na nchi kavu bila kuiacha. Mtoto naye huambaa ukuta, huambaa kitanda, huambaa kiti cha baba, mkono mmoja umeshika na mwingine unatafuta pa kushika. Mtoto anayeambaa yuko safarini. Hata akiwa na miezi 14 au 15, miguu yake inajifunza kubeba uzito na kuuhamisha huku na huku.

Na si wote hupita njia moja. Katika utafiti ule, watoto 4 hivi katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti hata siku moja. Wanaosota, kama wangu, mara nyingi hukawia kwenda kuliko wanaotambaa, na ukiuliza vizuri utakuta baba au shangazi naye alisota. Sisi tuliuliza. Mume wangu alisota, na mavyaa alikuwa ameninyamazia hilo kwa miezi.

Kwa nini mmoja awahi na mwingine akawie? Sehemu ni damu, sehemu ni mazoezi. Hapa kwetu Kenya, mtafiti Charles Super alichapisha mwaka 1976 habari za watoto wa Wakipsigis wa kijiji cha Kokwet. Walikaa na kwenda mapema kuliko watoto wa Marekani, kiasi cha mwezi mmoja. Lakini katika kutambaa hawakuwatangulia. Sababu ni kwamba wazazi wa Kokwet walikuwa wakiwafundisha watoto wao kukaa na kwenda, kwa makusudi, kila siku, na kutambaa hawakukufundisha. Miguu hujibu kile inachofanyishwa.

Hapo ndipo ninapozifikiria nyumba zetu za mji wa kale. Ngazi za mawe ni kali, na ukivuka daka uko kichochoroni, na kichochoroni kuna punda aliyebeba mawe au saruji asiyeweza kusimama ghafla. Kwa hiyo tunabeba. Mama anabeba, dada anabeba, jirani akipita anampokea na kumbeba, na jioni mtoto amezunguka mji mzima nyayo zake hazijagusa chini. Ni mapenzi, na ni usalama pia. Lakini watafiti wa New York, akiwamo Karen Adolph, walipowahesabia hatua watoto wa miezi 12 hadi 19 waliokuwa wakicheza huru, walipata wastani wa hatua 2,368 kwa saa moja, na kuanguka mara 17 katika saa hiyo hiyo. Hayo hayafanyiki mtoto akiwa kiunoni mwa mtu.

Anachohitaji ni jamvi na nafasi. Tangu angali mdogo alazwe kifudifudi akiwa macho na mtu akimtazama, ili shingo na mgongo vipate nguvu, lakini usiku alale chali. Akianza kushika vitu, panga vigoda viwili vitatu ukutani aambae. Nyayo ziwe tupu ndani ya nyumba, kwa kuwa vidole vinahitaji kuishika sakafu. Leso ya kumshikia kifuani wakati wa mazoezi haina neno. Kumkanda kwa mafuta ya nazi, taratibu, humfurahisha. Kumvuta viungo kwa nguvu ili "vifunguke" ni kumuumiza.

Kile kigari cha magurudumu ambacho wengine hukiita woka, tafadhali usikinunue. Nakielewa kishawishi chake, mimi mwenyewe niliazimwa. Lakini mtoto aliyening'inia ndani yake husukuma kwa ncha za vidole na haoni miguu yake wala hajifunzi kujizuia, na tafiti zimeonyesha kwamba huweza kumchelewesha badala ya kumwahisha. Tena huanguka nacho ngazini. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004. Kwa nyumba ya Lamu yenye ngazi kila upande, sijui kifaa kinachotufaa kidogo kuliko hicho.

Na jua. Utadhani pwani hatuwezi kulikosa, lakini mtoto anayeshinda ndani ya kuta nene za matumbawe, au akitolewa hufunikwa gubigubi, anaweza kukosa vitamini D huku nje kunawaka. Mifupa huwa laini, miguu hupinda, na ndiyo moja ya njia za kupata matege ya ugonjwa, na mtoto wa namna hiyo hukawia kwenda kwa sababu miguu haimbebi au inamuuma. Kupinda kidogo kwa mtoto anayeanza tu kwenda ni kawaida. Kukizidi, au kukiandamana na vifundo vya mikono vilivyovimba, aonekane na daktari.

Kuhusu akili, sikilizeni. Watafiti wa Zurich waliwafuata zaidi ya watoto 200 wazima tangu utotoni hadi wakubwa kidogo, wakakuta umri wa kwenda haukuashiria nani atakuwa na akili zaidi wala nani atakuwa mwepesi wa viungo zaidi. Kwa hiyo yule wa miezi tisa hana cha kuringia, wala wangu hana cha kuonewa huruma.

Sasa upande wa pili, na hapa sitaki kumtuliza mtu. Mpaka upo, nao ni miezi 18. Mtoto aliyetimiza miezi 18 na haendi peke yake apelekwe akaangaliwe, hata kama ni mnene, hata kama baba yake alisota. Wengi katika hao watakutwa salama. Lakini "ni mzito tu" ni neno lililowachelewesha watoto waliokuwa wakihitaji msaada, na kwa mtindio wa ubongo, kwa mfano, miezi ya mapema ndiyo yenye faida kubwa. Aliyezaliwa njiti huhesabiwa tofauti: akiwahi kwa miezi miwili, mtoe miezi miwili, kwa hiyo mpaka wake ni miezi 20 ya kalenda.

Zipo dalili zisizongoja hata hiyo 18. Asiyekaa peke yake akiwa na miezi tisa. Mwenye mwili uliolegea kama kitambaa, au miguu iliyokakamaa na kupishana kama mkasi. Anayetumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, mwingine ameukunja, kwa kuwa watoto wa umri huo hawajachagua mkono. Anayechechemea, au mguu mmoja ulio mfupi, maana nyonga huenda haikukaa mahali pake tangu kuzaliwa. Na kubwa kuliko zote: aliyekuwa akifanya jambo kisha akaliacha. Mtoto aliyewahi kusimama dede na sasa hasimami apelekwe wiki hiyo hiyo.

Kuna ugonjwa mmoja wa misuli, unaitwa Duchenne, unaowapata hasa wavulana. Nautaja kwa kuwa mwanzoni huonekana kama uzito tu. Mtoto hukawia kwenda, kisha akienda huanguka sana, na akitaka kuinuka kutoka chini huyapanda mapaja yake mwenyewe kwa mikono. Kipimo cha damu huanza kuufichua.

Wako watakaokwambia ni jicho. Dua usiiache, mimi sikuiacha. Lakini kliniki nayo usiiache, na wala usisubiri moja imalize ndipo uanze nyingine.

Kwa bahati nzuri, Kenya chanjo ya pili ya surua na rubella huja mtoto akiwa na miezi 18, tarehe ile ile ya mpaka. Kwa wa Faza au Kiunga, wanaovuka bahari kuja mjini na kusi ikivuma, hilo si jambo dogo. Siku ya sindano, usikubali aondoke kabla hajatazamwa miguu. Utaulizwa kama alilia mara tu alipozaliwa, kama alipata manjano kali, kama aliwahi kushikwa na degedege. Hapo anaweza kuelekezwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo au kwa daktari wa watoto.

Mpige video kwa simu nyumbani, akisota au akiambaa, kwa sababu mbele ya mgeni aliyevaa koti jeupe mtoto hulia na hafanyi lolote. Na katika kijitabu chake cha kliniki, pembeni ya uzito na chanjo, andika wewe mwenyewe kwa kalamu: siku aliyokaa, siku aliyoanza kuambaa, siku ya dede. Cha mwanangu kimeandikwa miezi 16 na siku 4, kiwandani (ua wa ndani ya nyumba), ameshika mkate wa mofa mkononi. Tata ilifuata baada ya siku 11.