Metadata si jina la faili

Mwezi huu nimelisikia neno metadata likitumiwa vibaya mara tatu. Mara ya mwisho ni juzi hapa Moshi, kijana mmoja akinikabidhi flashi: "Metadata nimeshaweka, mama, angalia jina la faili." Jina lenyewe: kahawa_mwisho_mwisho2. Wiki moja kabla, mwingine alinieleza kwamba metadata ni data zinazokusanywa na kampuni ya Meta, wale wa Facebook. Huyo nilimsamehe upesi zaidi.

Metadata ni maelezo yanayoambatana na data ili mtu ambaye hakuwepo zilipokusanywa aweze kuzitumia bila kumpigia simu aliyezikusanya. Basi.

Meta ni Kigiriki, na moja ya maana zake za zamani ni "baada ya". Maandishi ya Aristotle yalipopangwa, yaliyowekwa baada ya yale ya fizikia yakaitwa hivyo hivyo, ya baada ya fizikia, na ndiko metafizikia ilikotoka. Kwa kuwa yalizungumzia misingi ya mambo, watu wakaizoea meta kwa maana ya "kuhusu" au "juu ya". Wataalamu wa kompyuta wa miaka ya 1960 waliichukua ikiwa na maana hiyo ya pili: metadata, yaani data kuhusu data. Facebook imejiita Meta mwaka 2021. Undugu wao ni wa Kigiriki tu.

Sasa turudi kwenye jina la faili. Jina hukusaidia kuipata faili, metadata hukusaidia kuielewa ukishaifungua. Nilipoifungua ile ya kijana, safu ya tatu ilikuwa na kichwa "kg". Kilo za nini? Hata mama anayeuza kahawa kule Kibosho atakuuliza: matunda mabivu, ya maganda au safi? Kilo moja ya kahawa safi hutaka kilo tano hadi sita za matunda mabivu. Ukichanganya hapo, umemtajirisha mkulima mara sita kwenye ripoti na mwenyewe hana habari. Safu ya "saa" ina 2. Saa mbili asubuhi ya kwetu, au 2 ya simu, ambayo ni saa nane mchana? Tarehe ni 03/04, na Mmarekani ataisoma Machi. Halafu nafasi tupu: mkulima hakuvuna, au hakukutwa nyumbani?

Wapo wanaojitetea kwamba wamejaza Dublin Core, ile orodha ya vipengele 15 iliyoanzia kwenye mkutano wa mwaka 1995 (Dublin ya Ohio, Marekani, si ya Ireland). Ni vizuri kuijaza. Itasema nani katengeneza, lini, kuhusu nini, kwa lugha gani. Lakini inaieleza faili kwa ujumla wake. Unaweza kujaza vyote 15 na bado nisijue kilo ni za nini. Na hili la saa ya Kiswahili usilisubiri kwenye miongozo ya wenzetu, wao halijawahi kuwasumbua.

Kwa hiyo, mwanangu, jina libaki, ingawa "mwisho" moja ingetosha. Pembeni yake weka faili ndogo ya maandishi, ukurasa mmoja tu: kila safu na maana yake, kipimo chake, saa uliyofuata, na nafasi tupu inamaanisha nini. Kisha uniletee tena flashi.